Ubeti wa Tatu

Niliondoka Kambarage, mtaa wa Shinyanga mjini, asubuhi, akina mama wauza uji wakiwa ndiyo kwanza wanapuliza mkaa, na mfuko wa rambo wenye shati moja, mswaki na kanda moja ya kaseti. Sikuwa na mpango wowote. Nimeondoka mahali pengi namna hiyo tangu nilipoacha shule darasa la tano, na karibu mara zote niliondoka kwa sababu nilitaka kuona kilichoko mbele. Asubuhi hiyo sikutaka kuona kitu. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia mtu aliyenipa kazi, nikazikasirikia mashine zake, nikajikasirikia mwenyewe, na hata kuku waliokuwa wakikatiza njia mbele yangu niliwaona wana kiburi.

Kwa mwaka mmoja na ushee nilikuwa nimefanya kazi kwenye kibanda cha kurudufu kanda, pembeni ya soko la Shinyanga mjini. Mwenye kibanda alikuwa fundi redio, Msukuma wa hapohapo mjini, mcheshi, mwenye vidole vyenye makovu ya risasi ya kuchomelea. Kibanda hakikuwa na studio. Kilikuwa na redio mbili za deki mbili mbili, pazia, na kibao mlangoni: LETA KANDA YAKO. Mtu yeyote aliyerekodi kitu kwa redio yake, iwe ngoma, harusi, kwaya au mahubiri, alituletea. Fundi alisikiliza dakika mbili tatu, na akikipenda alimpa mletaji kanda mpya na betri, akabaki na ile aliyoletewa. Hiyo tuliiita kanda mama. Kutokana nayo tulirudufu nyingine na kuzipanga ukutani, zikanunuliwa na kusafiri hadi vijiji ambavyo mimi mwenyewe sijafika, na mimi nimefika vingi.

Wenye nyimbo walikuja kulalamika, na malalamiko ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Fundi alinipa kwa sababu najua kuandika haraka na kwa sababu napenda kuuliza watu maswali. Nilikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, nimechora mistari kwa rula. Alikuja mwalimu wa kwaya akifoka kwa ghadhabu kwamba waumini wake wanasikiliza kwaya yao baa. Akaja mhubiri ambaye hakuwa na tatizo na mahubiri yake kuuzwa, ila alitaka tuondoe kikohozi. Ikaja familia nzima, watu saba ndani ya kibanda cha watu watatu, kwa sababu harusi ya binti yao ilikuwa ukutani pamoja na maneno ambayo shangazi aliyasema kuhusu bwana harusi akidhani hakuna redio karibu.

"Nani kawaletea?" shangazi aliuliza.

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Basi mimi nimeruhusiwa," alisema, akampiga mpwa wake mkubwa kofi la kisogoni, na hakukosea.

Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa naipenda kazi ile. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Shida ilikuwa kujua nani mkweli. Kuna wiki walikuja wanaume wawili kwa siku moja, kila mmoja akidai wimbo uleule ni wake, na wote waliuimba kama ulivyo kwenye kanda, neno kwa neno. Fundi akasema tuwafukuze wote. Mimi nikalala nalo, nikaamka na utaratibu ambao nilijivunia kuliko jambo lolote nililowahi kubuni. Anayedai wimbo aimbe ubeti ambao haumo kwenye kanda. Mwizi anajua alichokisikia tu. Mwenye wimbo anajua na alichokiacha. Nikauandika utaratibu huo kwenye jalada la daftari, nikaupigia mstari mara mbili. Fundi alinipiga begani, akasema, "Wewe shule iliacha mtu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Miezi ya kuvuna pamba ikaja, na baada yake ni ngoma. Kwa asiyezijua ngoma za Usukuma, niseme kidogo. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Wote wanaimba na kucheza pamoja, na hakuna hakimu wa kukaa mezani. Watu wenyewe ndio wanaoamua kwa miguu. Wakivutiwa na upande huu wanahamia huku, wakichoshwa wanahamia kule, na ningi anayejikuta anaimbia vumbi ndiye aliyeshindwa. Hatasahauliwa mwaka huo. Atataniwa mnadani, atataniwa msibani. Kwa hiyo wimbo mpya wa kumchoma mpinzani unafichwa kama mbegu. Ukisikika kabla ya siku yake, mpinzani anakuja na jibu mkononi.

Ningi mmoja wa upande wa Kishapu alikuja kibandani siku ya Jumanne. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kofia ya pama, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri. Aliiegemeza, akaipangusa tandiko kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe, ndipo akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa daftari?"

"Ndiye mimi."

"Basi fungua ukurasa."

Alinyoosha kidole ukutani bila kutafuta. Kanda yenyewe ilikuwa imeletwa wiki iliyotangulia na mmoja wa wachezaji wake, aliyeirekodi kwa siri kwenye mazoezi. Ilikuwa na beti mbili. Katika ubeti wa kwanza alimsifu ningi mwenzake, mpinzani wake, kwa nyumba ya bati. Katika wa pili alimsifu kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Wanunuzi walishangaa: tangu lini ningi akamsifu adui?

"Unataka tukulipe, mzee?"

"Nani kataja hela hapa? Nataka ishuke ukutani. Siku ya ngoma ikipita, irudisheni, mkitaka wauzieni hata mbuzi."

"Sawa. Ila kuna utaratibu." Nikamgeuzia jalada la daftari, mstari mara mbili. Hakujua kusoma, nikamsomea.

Alivua kofia ya pama. "Ubeti wa tatu hata wachezaji wangu hawajausikia. Mke wangu hajausikia."

"Sitaki mji mzima uusikie. Niusikie mimi tu, niandike kwamba umethibitisha, kanda zishuke."

"Nyimbo zangu huwa nazithibitisha uwanjani, kijana."

"Hapa si uwanjani, mzee wangu. Watu wanakuja na uongo."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati huo. Nadhani alikuwa anapima kama nina akili ya kutosha kuwa mwizi. Akasema, "Funga mlango."

Nikaufunga, na komeo nikaliweka. Fundi alikuwa nyuma ya pazia na mashine zake, na sikumfikiria, kama mtu asivyoifikiria meza. Juu ya kaunta kulikuwa na kipaza sauti kilichoning'inia kwa waya, tulichokitumia kurekodi salamu za watu wasiojua kuandika barua, waliotaka kuwatumia ndugu zao machimboni kanda ya sauti. Kilikuwa pale siku zote. Nacho sikukifikiria.

Akaimba kwa sauti ya chini, akigonga kaunta kwa kifundo cha kidole. Nusu ya kwanza ya ubeti ilirudia sifa: bati linang'aa, ng'ombe wananona. Kisha akakatiza, akatazama mlango.

"Endelea, mzee," nikasema. "Endelea, tuko peke yetu."

Akaendelea. Nusu ya pili ndiyo ilikuwa kisu. Bati ni la baba mkwe. Ng'ombe ni wa baba mkwe. Bwana mkubwa amehamia kwa wakwe kama kuku aliyenunuliwa, anaamka asubuhi anauliza leo nile wapi. Kwa Msukuma, mwanamume kwenda kuishi kwa wakwe zake ni aibu isiyo na dawa, na zile beti mbili za sifa zilikuwa mtego wa kumnenepesha mtu kwanza. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Yeye hakucheka, ila macho yalimng'aa, na kwa dakika hiyo tulikuwa watu wawili tu duniani tunaoujua ubeti ule. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilishusha kanda zote mbele yake. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akapanda baiskeli, akarudi Kishapu.

Siku ya ngoma fundi alinituma uwanjani na redio ya kurekodia. Nilifika mapema, nikaketi kwa mama mmoja muuza chai nje ya uwanja, mteja wetu wa kanda. Redio yake ilikuwa inaimba. Sikusikiliza vizuri mpaka niliposikia watu wa meza ya pili wakiitikia kwa pamoja, wakicheka, "Endelea, mzee, endelea, tuko peke yetu!"

Ilikuwa sauti yangu. Mtu asiyewahi kujisikia kwenye kanda hawezi kujua ubaya wake. Unasikika mwembamba na mjinga. Sauti yangu ikamwambia mzee aendelee, na mzee akaendelea, na kifundo cha kidole kikagonga kaunta, na bati likawa la baba mkwe.

"Kanda hii umeipata wapi, mama?"

"Si kwenu? Wameleta juzi na baiskeli, boksi zima. Inanunuliwa hiyo!" Akanitazama. "Mbona umekunja uso, chai ina chumvi?"

Nilimwacha na kikombe. Nilikimbia hadi kwenye uzio wa matawi ambako kundi la Kishapu lilikuwa limejitenga. Mwanamume mwenye njuga miguuni alinizuia kwa mkono mmoja.

"Nina neno na ningi. La haraka."

"Yuko kwenye dawa. Haongei na mtu, hasalimiwi na mtu. Akikujibu tu, kazi yote imeharibika."

"Wimbo wake umevuja!"

"Kila mwaka anakuja mtu na habari hiyo. Umetumwa na wale?" Akanisukuma kifuani, si kwa nguvu. "Nenda, kijana. Nenda."

Nikaenda. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuruka uzio, wakanipiga, na kipigo chenyewe kingemwambia kuna jambo. Lakini nilikubali upesi mno, nikajiambia nimejaribu, nikaenda kusimama katikati ya uwanja na redio shingoni kama nilivyotumwa.

Ngoma zikalia. Mwanzoni watu walijaa upande wa Kishapu hata nikasukumwa. Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, taratibu, akitabasamu, anamnenepesha adui yake mbele ya umati mzima. Na alipovuta pumzi aingie wa tatu, upande wa pili ngoma zikanyamaza ghafla. Ningi wao akainua mkono. Nyuma yake akatoka mzee mfupi, koti kubwa, jembe begani, akicheza kwa magoti yaliyochoka. Akachukua kipaza cha betri, akasema:

"Mimi ndiye baba mkwe! Bati nimempa mimi, ng'ombe nimempa mimi, kwa kuwa nampenda. Mwenye wivu aje nyumbani, nina mabinti wengine wawili!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walikimbia. Akina mama walikimbia na watoto migongoni, wazee walikimbia na fimbo, hata polisi wa zamu alihamia kule. Ningi wa Kishapu aliimba ubeti wake wa tatu wote, hakuuacha hata neno, akiwaimbia wachezaji wake na mimi na mbwa mmoja. Aliuimba vizuri kuliko siku ile kwenye kaunta. Kila mtu alikuwa anaujua tayari.

Walipokuwa wanafunga mizigo alinipita. Aliiona redio shingoni mwangu. Akasema kwa upole, kama anayenishukuru:

"Mlango uliufunga vizuri, mwanangu."

Nilifika kibandani siku iliyofuata nikiwa nimeshayapanga matusi yote ninayoyajua kwa lugha tatu. Fundi alikuwa anakula miwa.

"Uliwasha mashine," nikamwambia. "Mzee alifungiwa mlango, na wewe ukawasha mashine."

"Ilikuwa imewashwa. Nilibonyeza tu, kisha nikauunganisha na zile beti mbili." Akatema kapi. "Nani alimwambia aimbe? Mimi? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimetulia zangu. Daftari ni la nani? Ule mstari mara mbili aliupiga nani?"

"Wewe ni Msukuma! Unajua ubeti ule ni nini!"

"Najua. Ndiyo maana nilijua utanunuliwa." Hata hakukasirika. Laiti angekasirika. "Na usijidanganye ni yeye tu. Wewe unadhani wanaothibitisha huwa nawaacha hivihivi? Wanakuja wenyewe, wanaimba vitu ambavyo havipo popote, bure, milango imefungwa, kimya, hakuna hata jogoo anayewika. Kaka, utaratibu wako umetuletea kanda bora kuliko kibao cha mlangoni."

Nikaangalia ukuta, nikasoma majina ya kanda mpya ambazo sikuwahi kuzisikiliza. Mwalimu wa kwaya alikuwapo, na kipande alichoniimbia akilia. Wengine nao walikuwapo. Nilikuwa nimekaa miezi nikiandika malalamiko ya watu kwa mwandiko mzuri, na nyuma ya mgongo wangu kila lalamiko lilikuwa linageuzwa bidhaa. Na sikuwahi, mimi ninayejidai mdadisi, kuinua pazia.

"Kama mzee wako kakereka," fundi alisema, "mwambie aje alalamike. Daftari si lipo?"

Nililichana daftari, kurasa zote, na haikusaidia kitu. Nikachukua kanda mama ya ule wimbo kutoka kwenye droo yake. Hakunizuia. Alikuwa nazo za kutosha.

Kwa hiyo asubuhi ile, na mfuko wangu wa rambo, nilifika kwenye stendi ya malori. Palikuwa na lori linapakia kwenda Mhunze, Kishapu. Utingo alikuwa anapiga bodi, "Mhunze! Mhunze, kijana, nafasi ya mwisho!" Kanda ilikuwa mfukoni. Safari ya saa chache, namtafuta mzee, namwekea mkononi, namwambia nilivyokuwa mjinga. Nilisimama. Nikasikia tena, "Mlango uliufunga vizuri." Kando yake palikuwa na lori jingine, limebeba chumvi na vitunguu, linakwenda machimboni kupitia Kahama. Nikapanda hilo. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Tulikokotana hivyo, pancha Isaka, pancha nyingine mbele ya Kahama, tukalala, tukaondoka, ardhi ikageuka kutoka mbuga nyeusi kuwa udongo mwekundu na miti mirefu. Watu wa juu ya lori walizungumza dhahabu tu, nani kapata, nani kafukiwa na duara, yaani shimo la machimbo, rashi mpya ya watu kukimbilia dhahabu iko wapi. Siku nyingine ningewauliza maswali elfu. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nimefunga mdomo.

Katoro tulifika alasiri. Palikuwa na watu kama gulio lisilo na mwisho, wanaume wenye tope la rangi ya matofali mpaka masikioni wakinunua mashati mapya na kuyatupa ya zamani hapohapo dukani. Nilitafuta gesti ya bei ya chini, nikaelekezwa nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya udongo yenye vyumba sita na ua. Mama mwenye gesti alikuwa uani, ua umejaa wachimbaji wanaosubiri maji ya kuoga, na katikati yao, juu ya kigoda, redio.

"Endelea, mzee," ilisema redio. "Endelea, tuko peke yetu."

Ua mzima ukaitikia. Mama mwenye gesti alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. "Karibu, mwanangu. Samahani, huyu mpambe ananimaliza. Mzee wa watu anasita, yeye 'endelea, endelea,' kama anasukuma gari!"

"Mama, kanda hiyo imeibwa."

"Imeibwa na nani? Mimi nimenunua hapo sokoni, mchana kweupe."

"Mzee hakujua anarekodiwa. Hata huyo anayesema endelea hakujua."

"Wewe umejuaje?"

"Ni mimi."

Ua ukalipuka vicheko. Mchimbaji mmoja aliyejifunga taulo akasimama. "Ni wewe? Hebu sema tusikie! Thibitisha!"

"Thibitisha!" wakaitikia wengine. "Sema endelea mzee!"

Mama mwenye gesti alizima kanda ili wanisikie vizuri. Wote walikuwa wananitazama, na sioni kama walikuwa na nia mbaya. Mimi niliitazama redio. Nilikitafuta kitufe chekundu cha kurekodi, kama kimebonyezwa au la. Hakikuwa kimebonyezwa. Hata hivyo mdomo haukufunguka. Nilimwona mzee upande wa pili wa kaunta, na macho yake anayonipimia, na nikaelewa alichokuwa anauliza: kama kweli tuko peke yetu.

"Hasemi," alisema mwenye taulo. "Mwongo huyu." Wakarudi kwenye ndoo zao.

Mama alinionea huruma, nadhani. Alileta kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikajaza jina, kabila. Mahali nilikotoka: Shinyanga. Kazi: nikaacha wazi. Mahali ninakokwenda: nilishika kalamu muda mrefu hata akaniuliza kama najua kuandika. Nikaandika Kishapu.

Aligeuza kitabu, akasoma, akasoma tena.

"Kishapu? Si ni hukohuko Shinyanga ulikotoka?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa huku umekuja kufanya nini?"

"Nilipanda lori lingine."

Alitikisa kichwa, akachomoa ufunguo kwenye pindo la khanga. "Chumba cha nne. La Kahama linaondoka kesho alfajiri, hapo kwenye mashine ya kusaga. Usichelewe, halisubiri mtu."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na msumari wa kutundikia nguo. Nilitundika mfuko. Kanda nilibaki nayo mkononi, na uani redio ikawashwa tena, kutoka ubeti wa kwanza.